Nani alizima fujo za mzungukoni? Wakongwe wa Shamba la Bibi njooni hapa

#1 Mwana Keko

Habari za jioni wanajamvi.

Nina dai na nina swali. Dai kwanza: fujo za mashabiki wa Simba na Yanga pale Uwanja wa Taifa wa zamani (Uhuru, Shamba la Bibi) hazikuzimwa na ustaarabu wetu. Zilizimwa na kiti cha plastiki. Ulipofunguliwa uwanja mpya mwaka 2007, watu 60,000 kila mmoja na kiti chake, mambo yakatulia. Zamani mzungukoni, yale majukwaa ya kuzunguka uwanja, tulikalia zege. Hakuna namba, hakuna mstari. Anayewahi anakaa, anayechelewa anakuja kusimama mbele ya macho yako. Ugomvi ulianza mpira haujawekwa hata kati.

Swali: nyie mliokuwepo miaka ya 70, 80 na 90, mnakubaliana na mimi?

Nilianza kupelekwa mwishoni mwa miaka ya 80, niko shule ya msingi. Mjomba ananishika mkono tunatembea kutoka Keko. Alinivika shati jeupe, siku zote jeupe. Nikilia nataka rangi ya timu ananiambia, "Ukivaa rangi umeshakuwa mtu mzima." Sikumwelewa. Siku moja tulirudi damu inamtoka sikioni, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena uwanjani mpaka tunamzika. Mechi zote alisikiliza redioni, redio kaiweka begani upande wa kulia. Hakutuambia nani alimpiga.

Ombi moja: ukisimulia aliyekuumiza wewe binafsi, usitaje timu yake. Sema "upande wa pili". Nataka kumbukumbu, sitaki uzi ufungwe.

#2 Kijana wa Mkapa

Nimevuta kiti. Wazee shusheni nyama.

#3 Bin Gerezani

Mkuu kiti cha plastiki hakijazima kitu. Umesahau tarehe 1 Oktoba 2016? Tambwe wa Yanga kafunga, upande wa Simba wanalia kashika mpira kwa mkono, Mkude wa Simba kaoneshwa kadi nyekundu, kilichofuata ni viti kung'olewa na kurushwa. Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja. Kiti chako ndicho kilichogeuka silaha. Sisi Shamba la Bibi tungeng'oa nini, zege?

#4 Mwana Keko

Hilo nalikubali #3, nililiona. Lakini hesabu: toka 2007 mpaka 2016 ni miaka tisa ndipo likatokea la kuandikwa magazetini namna ile. Zamani ilikuwa kila mechi ya watani, na nyingine hata gazetini hazikufika kwa sababu zilikuwa jambo la kawaida.

#5 Mwalimu Mstaafu

Vijana hamjambo. Mimi nilikuwepo tangu jina la Simba halijakuwa Simba. Klabu ile iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Kwa hiyo mnaposema "Yanga alimfunga Simba tano mwaka 1968", mjue siku ile ya Juni mosi aliyefungwa tano bila aliitwa Sunderland.

Naomba niseme jambo moja ambalo wengi hawalisemi. Miaka ya mwanzo watu waliovaa rangi tofauti walikaa pamoja. Hapakuwa na upande wa huyu na upande wa yule. Nilikaa na baba mdogo wangu, yeye Yanga mimi Sunderland, tunagawana karanga. Utani ulikuwa mkali, wa kutukana ukoo mzima, lakini mkono ulikuwa mfukoni. Kugawana majukwaa kulikuja baadaye, na kwa maoni yangu ndiko kulikoleta mawe. Ukimweka mtu mbali nawe hatua mia, hana uso tena. Ni rangi tu.

Kwa hiyo mleta uzi umegeuza mambo. Kubanana hakukuleta ugomvi. Kutenganishwa ndiko kulikouleta.

#6 Shabiki Kimya

Mwalimu shikamoo. Uzi huu ulindwe.

#7 Simba Damu Damu

Mnazungumza 1968 kwa nini wakati kuna 1977? Sita bila! Kibadeni peke yake nne!

#8 Nyamagana74

#7 tulia. Kibadeni alifunga matatu. Mawili ni ya Jumanne Masimenti. Moja Selemani Said wa Yanga alijifunga. Jumla sita, tarehe 19 Julai 1977. Mimi ni Yanga na naijua hesabu hiyo kuliko wewe, maana mwenye kidonda ndiye anayekijua.

#9 Simba Damu Damu

Ahsante kwa kukumbusha, mkuu. Endelea kuisoma kila siku kabla ya kulala.

#10 Mwalimu Mstaafu

Siku ile ya sita mimi nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu. Nilidhani tutauana njiani. Ajabu ni kwamba tulirudi kimya. Bao la tatu lilipoingia wenzetu walikuwa wakitukana, la nne wakanyamaza, la sita watu wazima wamekaa wameshika vichwa. Hata sisi tuliacha kuimba. Niliona mzee wa upande wetu akimpa maji kijana wa Yanga aliyekuwa amelegea.

Nimeona fujo katika mechi za 1-0, katika mechi za sare, katika mechi ambazo refa alikataa bao. Katika kipigo kikubwa sijaona. Anayepigwa sana hana nguvu ya kuokota jiwe.

Na msisahau ile Yanga ilikuwa imetoka kupasuka. Pan Africans ilizaliwa mwaka 1976 kutokana na ugomvi wao wenyewe na wachezaji wazuri wakaondoka.

#11 Bin Gerezani

Mwalimu hapo kwenye kupasuka umegusa penyewe. Mnahangaika na ugomvi wa Simba na Yanga, lakini fujo kubwa nilizowahi kuziona kwa macho yangu ni za Yanga kwa Yanga na Simba kwa Simba. Mnaikumbuka Yanga Asili na Yanga Kampuni? Pale Jangwani, makao ya Yanga, polisi walilinda jengo. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani, na wote wana bendera ileile ya kijani na njano. Msimbazi kwa Simba nako mikutano ya wanachama ilivunjika kwa viti.

Hii ndiyo hoja yangu: hasira haikutoka uwanjani. Ilitoka klabuni, kwenye uchaguzi, kwenye nani anashika fedha za mlangoni, ikaja kumalizikia mzungukoni siku ya Jumamosi. Klabu zilipoanza kupata wafadhili wakubwa na ofisi zikatulia, majukwaa nayo yakatulia.

#12 Binti Temeke

Habari kaka zangu. Nyote mnaongea kama watu waliokuwa ndani. Mimi nilikuwa nje.

Mama yangu aliuza mihogo ya kukaanga na maji baridi karibu na geti kuanzia mwaka 1985 mpaka miaka ya 90 katikati. Mimi ndiye nilikuwa nafunga maji kwenye vifuko vya nailoni toka alfajiri. Nawaambia fujo zilianza saa nne asubuhi, kabla hata timu hazijatoka kambini. Zilianza getini. Tiketi dirishani zimekwisha, mlanguzi anazo mkononi kwa bei mara mbili au tatu. Mtu ametoka Morogoro, amelala kwa ndugu, ana fedha halali ya kuingilia, anaambiwa kumejaa. Halafu anaona watu wanaruka ukuta bure. Huyo akiingia ndani saa tisa alasiri ana nini moyoni?

Wengine walikuwa na tiketi mkononi na bado waliachwa nje. Nilimwona baba mmoja analia, kashika tiketi yake juu. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemsikiliza.

Na vile vifuko vyetu vya maji, kaka zangu, mnajua vilirudi vikiwa na nini. Tuliuza maji, wakarusha mkojo. Mama alikuwa anaumia sana. Alisema, "Naonekana kama ndiye niliyewapa."

#13 Kijana wa Mkapa

Duh. Kumbe ile hadithi ya mkojo ni kweli? Nilidhani wazee mnatutisha.

#14 Bin Gerezani

Kweli kabisa. Mzungukoni ukitoka kwenda kujisaidia nafasi yako imekwenda na maji. Vyoo vyenyewe vichache, na njia ya kufika unakanyaga watu mia mbili. Watu walijisaidia papo hapo kwenye kifuko. Ukishamaliza unakiweka wapi? Bao likiingia kinaruka chenyewe.

Dada #12 pole, na mama pole. Umenifundisha kitu.

#15 Jogoo Road

Hamjambo watani wa kusini. Naingia kutoka Nairobi.

Nyinyi mnatafuta sababu mbali. Kwetu sababu tuliizaliwa nayo. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars. Wale wengine walikuwa Abaluhya. Serikali ilipokataza majina ya kikabila wakawa AFC Leopards mwaka 1980. Jina lilibadilika, watu ni walewale, ngoma ya isukuti ni ileile. Mechi ya City Stadium ilianzia mitaani asubuhi. Sisi K'Ogalo, watu wa Gor, tulitembea Jogoo Road tukiimba, Ingwe, yaani Leopards, wanakuja na isukuti, mnakutana mlangoni.

Lakini niseme ukweli ambao watu wa nje hawaujui. Leo tunaiita mechi ya mashemeji kwa sababu tumeoana. Dada yangu mkubwa ameolewa upande wa pili na mechi ikiisha sufuria ni moja. Aliyekurushia jiwe saa kumi ndiye unayemkuta saa mbili usiku kwa mama mkwe, anakukaribisha ugali. Sasa hiyo utaiitaje? Chuki ya kabila? Sidhani inatosha.

#16 Mgosi

#15 hayo ya mashemeji sisi Tanga tunayajua tangu zamani. Coastal Union na African Sports. Mji mmoja, uwanja mmoja wa Mkwakwani, nyumba moja. Baba Coastal, mama Sports, na siku ya mechi mama hapiki. Coastal alipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, jirani yetu wa Sports alifunga dirisha la barazani siku tatu.

Ila mawe? Hapana. Tanga ukirusha jiwe kesho yake babako anafuatwa msikitini, maana kila mtu anajua mtoto wa nani kakaa wapi. Dar watu hawajuani. Hiyo ndiyo tofauti, wala si viti wala mageti.

#17 Bin Gerezani

Mgosi wewe wa Tanga mnatambiana kwa mashairi, mna lipi la kusimulia hapa 😀

#18 Mgosi

Na hayo mashairi yanauma kuliko kokoto zenu. Jiwe ukipigwa linapona.

#19 Nyamagana74

Nataka kumjibu #16 kwenye hili la kujuana. Mimi ni wa Mwanza. Mwaka 1974 mechi ya kuamua ubingwa ililetwa kwetu Nyamagana, Agosti 10. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Dakika zinakwisha, watu wa Simba wameshaanza kucheza ngoma, Gibson Sembuli akasawazisha. Muda wa nyongeza Sunday Manara akamaliza kazi, 2-1. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimepanda mti.

Mwanza tulikuwa hatujuani na wale waliotoka Dar kwa treni. Na hapakuwa na jiwe. Kwa hiyo kujuana siyo jibu.

#20 Simba Damu Damu

Mechi hiyo babu yangu anasema ilichezwa Kirumba.

#21 Nyamagana74

Mheshimu babu lakini mwambie kakosea. Uwanja ule unaitwa CCM Kirumba. CCM yenyewe imezaliwa Februari 1977. Sasa mwaka 1974 tungechezaje ndani yake?

#22 Simba Damu Damu

Nimepokea. Babu anakusalimu, anasema uliyekuwa juu ya mti hukuona vizuri.

#23 Mzee Kizuizi

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa naona niseme.

Nilikuwa askari. Nimesimama mechi za Simba na Yanga kumi na moja pale Uwanja wa Taifa wa zamani na sikuona bao hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuutazama umma, mgongo uwanjani. Bao nililiona kwenye nyuso. Upande huu midomo inafunguka, upande ule mikono inakwenda kichwani, ndipo najua nani kafunga.

Kwa hiyo nawajua kuliko mnavyojijua. Na nawaambia: wanaoanza fujo walikuwa wachache mno, na nusu yao hawakuwa wanatazama mpira. Nilikuwa nawaona. Mpira uko kulia, yeye anatazama kushoto, anatafuta mtu. Wengi wenu mlikuwa mnakimbia tu, na kukimbia kwenu ndiko kulikoumiza watu. Sikuwahi kuogopa jiwe. Niliogopa wimbi. Watu elfu wakisogea hatua mbili mbele hakuna askari wa kuwazuia.

Kilichotuliza? Milango. Uwanja mpya una milango mingi na watu wanaingia na kutoka pande tofauti. Zamani mliosukumana ndani mlikuja kubanwa tena nje, palepale.

#24 Kijana wa Mkapa

Mzee hiyo ya kutoona bao hata moja imenigusa aisee.

Sema bado sisi tulikuwa afadhali. Waingereza walikuwa wanyama. Hillsborough wamekufa watu 97 kwa fujo zao wenyewe.

#25 Mbeba Boksi

#24 hapana kaka, na hili nakuomba usilirudie. Naishi huku kaskazini mwa Uingereza mwaka wa kumi na tisa sasa, nafanya kazi na watu wa Liverpool. Hillsborough, tarehe 15 Aprili 1989, haikuwa fujo. Watu walifunguliwa geti wakaelekezwa kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa, mbele kuna uzio wa chuma, wakakandamizwa mpaka kufa. Polisi na magazeti wakawasingizia kuwa walilewa. Familia zilipigania jina la marehemu wao miaka ishirini na saba. Mwaka 2016 ndipo baraza la uchunguzi likasema watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa.

Unayoifikiria wewe ni Heysel, Ubelgiji, Mei 1985, Liverpool na Juventus. Pale mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, ukuta ukaanguka, wakafa 39. Klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya miaka mitano, Liverpool sita. Hiyo ndiyo fujo.

Na angalia mambo yanavyofungamana. Kwa sababu ya fujo za namna hiyo, tangu miaka ya 70, kila shabiki alitazamwa kama mhalifu, akajengewa kizimba. Kizimba ndicho kilichoua Hillsborough. Viti vya lazima walivileta baada ya ripoti ya Jaji Taylor ya 1990. Kwa hiyo mleta uzi kiti chako kina historia, lakini hakikuletwa kuzuia ngumi. Kililetwa kuzuia vifo vya kubanwa.

#26 Kijana wa Mkapa

Nimeelewa kaka. Naomba radhi kwa marehemu wale.

#27 Mtu wa Lubumbashi

Jambo yenu wote. Mimi ni wa Lubumbashi. Hapa ni Mazembe na Lupopo, zote za mwaka 1939, kwa hiyo nyinyi wa Dar na sisi tunakaribiana umri.

Mzee #23 amesema wimbi. Naongeza moshi. Mwaka 2001, kwa muda wa mwezi mmoja tu, Afrika ilizika watu viwanjani mara tatu. Tarehe 11 Aprili Ellis Park, Johannesburg, 43. Tarehe 29 Aprili hapa kwetu, Lupopo na Mazembe. Tarehe 9 Mei Accra, Hearts na Kotoko, 126. Hapa na Accra ilikuwa namna moja: watu wanarusha vitu, polisi wanarusha mabomu ya machozi, watu wanakimbilia mlango. Accra mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 2014 tena Kinshasa, V.Club na Mazembe, moshi vilevile.

Mnauliza nani alirusha jiwe. Mimi nauliza nani alifunga mlango.

#28 Jogoo Road

#27 umeniumiza. Oktoba 2010 Nyayo, Gor na Leopards, wakafa saba mlangoni. Hapakuwa na vita siku ile. Watu walikuwa wanaingia tu. Rafiki yangu wa utotoni alikuwa kwenye lile lango, alitoka hai lakini mpaka leo hawezi kupanda lifti.

Halafu Machi 2012 ndiyo ikawa vita yenyewe. Ali Abondo wa kwetu kapewa kadi nyekundu, viti na mawe vikaruka, mechi ikasimama karibu nusu saa. Siku ya vifo hapakuwa na ugomvi, siku ya ugomvi hapakuwa na vifo. Ndiyo maana nasema hizi habari mbili msizichanganye kwenye chungu kimoja.

#29 Mzee Kizuizi

#27 na #28, nimewasikia. Sitabishana. Moshi ule niliutumia, niliamriwa, na nilimwona mama mwenye mtoto akiuvuta. Mtoto alipona. Ila sikupenda tangu siku ile.

#30 Binti Temeke

Mzee ahsante kwa kusema. Wachache wangesema.

#31 Bin Gerezani

Tusiufanye uzi kuwa msiba mtupu. Nani anakumbuka kurudi na chai maharage, zile gari za abiria za zamani? Mmeketi mmetazamana, magoti kwa magoti, benchi hili Simba benchi lile Yanga, na hakuna pa kukwepesha macho mpaka Kariakoo. Mshindi anaanza: "Jamani mbona gari kimya, kuna mgonjwa?" Nimeona watu wakishuka Gerezani wakamalizia kwa miguu kwa sababu ya maneno tu. Nimeona vilevile kondakta akimlipia nauli aliyefungwa, anasema leo umeshatozwa ya kutosha.

#32 Mwalimu Mstaafu

😀 Chai maharage! Hapo umenirudisha. Ndiyo hoja yangu ya #5 hiyohiyo: mle ndani hakuna aliyepigwa, kwa sababu magoti yanagusana.

#33 Bin Gerezani

Mwalimu umenipiga kwa fimbo yangu.

#34 Simba Damu Damu

Mnaosema zamani kulikuwa na utu, Novemba 1993 mlikuwa wapi? Simba yuko fainali ya Kombe la CAF, Stella Abidjan amekuja baada ya sare ya 0-0 kwao, Rais Mwinyi yuko jukwaani, nchi nzima inasubiri kombe. Tumefungwa mbili bila. Baba yangu anasema njia nzima ya kurudi kuna Watanzania walikuwa wanashangilia Stella. Baba hajawasamehe.

#35 Nyamagana74

Baba yako ana haki ya kuumia. Mimi Yanga, na siku ile nililia. Wengine walishangilia, siwatetei. Ila jiulize mnavyofanya leo Yanga akicheza kimataifa. Mmeanza lini kutushangilia?

#36 Simba Damu Damu

Hapo sina jibu mkuu. Nikipata nitarudi.

#37 Dakika ya Tisini

Mimi naona mmesahau runinga. Mpaka mwaka 1994 Bara hatukuwa nayo. Asiyekwenda uwanjani alibaki na redio tu, sauti ya mtangazaji Charles Hilary wa RTD, Radio Tanzania. Kwa hiyo kila mwenye hasira alilazimika kwenda. Siku hizi mechi inaonyeshwa moja kwa moja, wenye hasira wako vibanda umiza na kwenye simu. Wanatukanana humu humu. Uwanjani wamebaki waliokwenda kupiga picha na familia.

#38 Shabiki Kimya

Nimefuta ujumbe huu mara tatu. Naandika sasa na sitarudi kuusoma.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale mzee #23 aliowaona. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kokoto tulizifunga kwenye karatasi kama karanga za shilingi tano, unaingia nazo mkononi wazi, anayekagua anadhani unakula. Sitaji timu, mleta uzi ameomba, na haina maana.

Hakuna aliyetutuma. Hapakuwa na uchaguzi wa klabu wala kabila. Nilikuwa sina kazi na siku ile watu walikuwa wananijua jina.

Lakini ninachotaka kukisema ni hiki. Sisi tulikaa juu kabisa, ngazi za mwisho. Upande wa pili ulikuwa mbali. Kokoto haifiki. Tulijua haifiki. Ukirusha kwa nguvu zako zote inaangukia katikati, kwenye watu wetu wenyewe waliokaa mbele. Tuliona vichwa vinainama. Na tuliendelea.

#39 Mwana Keko

Nimesoma #38 nikatoka nje kwanza.

Mjomba alikaa mbele kila mara, kwa sababu yangu, ili nione. Kidonda kilikuwa nyuma ya sikio la kushoto. Nyuma, si mbele. Mimi nilikiona nyumbani shangazi alipokiosha. Tulikuwa tumekaa katikati ya watu wetu. Upande wa pili ulikuwa mbele yetu.

Miaka yote nimewachukia watu wa upande wa pili kwa ajili ya sikio lile.

#40 Bin Gerezani

Mkuu pole sana. Ila usiikate kesi kwa kidonda peke yake. Mtu jiwe likija anageuka kumkinga mtoto. Ukigeuka, mbele inakuwa nyuma. Nimeona hilo mara nyingi.

#41 Mwalimu Mstaafu

Na yaliyorushwa kutoka nje ya ukuta yalikuwepo. Walioachwa getini, wale wa #12. Nayo yalitoka nyuma.

#42 Binti Temeke

Mleta uzi pole. Ilikuwa mechi ya mwaka gani? Mama bado yupo, kichwa chake kizima, anakumbuka siku nyingi kwa bei ya mihogo. Nikimpigia anaweza kusema kama nje kulikuwa na mawe siku hiyo.

#43 Mwana Keko

Dada ahsante. Mwaka siujui. Ilikuwa 88 au 89. Nakumbuka mvua ya asubuhi na zege lilikuwa bado na maji, mjomba akanitandikia gazeti. Nakumbuka tulitoka kabla haijaisha. Tulipofika karibu na Keko nyuma yetu ukasikika ule mngurumo wa bao, mkubwa kabisa, mimi nikaruka. Yeye akaendelea kutembea. Nikamwambia, "Mjomba, bao!" Akainama akaniuliza, "Umesema?"

#44 Binti Temeke

Nampigia mama asubuhi. Mvua, 88 au 89. Nitaleta majibu hapa.